Leseni Ipime Uendeshaji, Isipime Mguu

Katika nchi ya Uingereza, watu wa kwanza kuwekewa na sheria mtihani wa kuendesha gari walikuwa walemavu. Sheria ya leseni ilianza kutumika huko tarehe 1 Januari 1904, na kwa miaka mingi baadaye mtu alilipa shilingi tano, akapewa karatasi yake, akaingia barabarani bila ya kuulizwa kama anajua hata breki iko wapi. Mwaka 1930 ikatungwa sheria mpya ya barabara. Kila mwombaji alitakiwa aeleze hali ya afya yake, na yule mwenye kilema ambaye angeweza kukataliwa alifunguliwa mlango wa mtihani, ili aonyeshe kwa vitendo kuwa aweza kuliongoza gari. Wenye viungo kamili waliendelea kulipa na kuondoka, hadi tarehe 1 Juni 1935 mtihani ulipofanywa wa lazima kwa madereva wapya wote.

Ndugu msomaji, tazama ajabu hiyo. Kwa muda wa miaka mitano hivi, dereva ambaye Serikali ile iliweza kusema kwa yakini kuwa anajua kazi yake ni yule aliyefika mbele ya mtahini akiwa na mguu mmoja. Wengine wote ilikuwa ikiwakisia tu.

Kwetu sisi mambo yamekuwa kinyume. Mwenye viungo kamili hutahiniwa, mlemavu hukisiwa. Nafahamiana na mzee mmoja, dereva wa malori jeshini kwa miaka mingi, ambaye mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Jeraha lilipopona alikwenda katika ofisi moja kuuliza habari za kuhuisha leseni yake. Karani aliitazama fimbo yake, kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, leseni ni ya watu wazima." Mzee alikwisha kuvuka miaka hamsini, na uzima alioambiwa hana haukuwa wa umri. Alirejea nyumbani, akaiweka leseni yake ndani ya bati la biskuti pamoja na nishani zake, na tangu siku hiyo gari lake dogo huendeshwa na mpwa wake, kijana ambaye humrudisha shangazi yake kutoka sokoni saa anayopenda yeye. Lakini gari lenyewe ni la otomatiki, na katika gari la namna hiyo mguu wa kushoto hauna kazi yoyote.

Kosa hilo si la karani mmoja. Ni kosa la fikira, nalo huweza kusahihishwa kwa maarifa ya kawaida tu ya jinsi gari linavyoendeshwa. Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na askari, polisi na familia zao, ambao miongoni mwao wako waliojeruhiwa vitani, waliopata ajali kazini na waliopatwa na polio utotoni, nimeona vema tulieleze jambo hili kwa kirefu.

MGUU UPI, NA KWA KAZI GANI?

Gari la gia za mkono lina pedali tatu. Ya kushoto ni ya klachi, ya katikati ni ya breki, ya kulia ni ya mafuta. Mguu wa kushoto unashughulika na klachi peke yake. Wa kulia unahama baina ya breki na mafuta. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Zimebaki mbili tu, na zote mbili ni kazi ya mguu wa kulia. Kwa hiyo mtu aliyepoteza mguu wa kushoto, akiketi katika gari la otomatiki, yuko sawa na jirani yake mwenye miguu miwili. Hakuna msumari hata mmoja wa kubadilishwa. Na magari mengi yaliyotumika Japani ambayo huletwa katika nchi zetu ni ya otomatiki, tena usukani wake uko kulia kama unavyotakiwa na barabara zetu. Dawa iko uani, na mgonjwa hajaambiwa.

Aliyepoteza mguu wa kulia mambo yake ni magumu kidogo. Huyu huwekewa pedali ya pili ya mafuta upande wa kushoto wa breki, ili mguu uliobaki ufanye kazi zote. Hapa pana hadhari kubwa. Pedali mbili za mafuta hazifai kuwa wazi kwa wakati mmoja, maana mguu wa bandia hauna hisia, na unaweza kuangukia pedali ya kulia bila ya mwenyewe kujua. Ndiyo maana vifaa vilivyotengenezwa vizuri hufanya pedali moja ikunjwe, au ifunikwe, nyingine inapotumika.

Aliyepooza miguu yote miwili hutumia mikono. Karibu na usukani hufungwa wenzo uliounganishwa kwa vyuma na pedali zilizo chini. Katika mitindo mingi dereva akiusukuma mbele, gari linashika breki; akiuvuta kwake, au akizungusha kishikio chake, gari linaongeza mwendo. Mkono mwingine hubaki katika usukani, na kwa kuwa ni mmoja, hufungiwa kitasa cha duara ambacho huuwezesha kuuzungusha usukani wote bila ya kuachia. Jambo la kupendeza kwa wenye familia ni kwamba pedali za kawaida hubaki mahali pake. Baba huendesha kwa mikono kwenda kazini, na jioni mama akaendesha gari lile lile kwa miguu yake.

Aliye na mkono mmoja husaidiwa na kitasa hicho hicho, pamoja na kuhamishiwa swichi za taa na honi upande wa mkono alio nao. Mtu mfupi sana wa kimo huinuliwa kiti na kuongezewa urefu wa pedali. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39, aliendesha mwenyewe gari la Ford la mwaka 1936 lililofungwa vyombo vya mkono. Limehifadhiwa hadi leo nyumbani kwake Hyde Park. Wageni wake walisema mengi kuhusu mwendo wake, lakini hayo si ya ulemavu.

MTAHINI ANAANGALIA NINI

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mtihani wa hesabu usimpime mtoto uzuri wa mwandiko. Kila mtihani una jambo lake. Jambo la mtihani wa udereva ni moja tu: je, mtu huyu, katika gari hili, aweza kwenda na kurudi bila ya kumdhuru mtu? Maneno "katika gari hili" ndiyo yanayosahaulika. Katika ofisi nyingi mtu hutazamwa akiwa amesimama mbele ya meza, mahali ambapo hakuna usukani, wala breki, wala barabara.

Waingereza wamejipangia utaratibu ambao, kwa maoni yangu, unafaa kuigwa katika mengi yake. Mwenye leseni, au anayeiomba, analazimika kuiarifu idara ya leseni iliyoko Swansea kuhusu ugonjwa au ulemavu ambao waweza kugusa uendeshaji wake. Asipoarifu, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na akipata ajali anaweza kushtakiwa. Lakini kuarifu si kujishtaki. Mara nyingi jibu ni kuruhusiwa kuendelea, ama kwa leseni ya kawaida, ama kwa leseni ya muda mfupi wa mwaka mmoja, miwili, mitatu au mitano ili hali yake itazamwe tena. Tofauti iko hapo. Mahali ambapo kusema ukweli humletea mtu kunyimwa, watu watanyamaza, na barabara itajaa madereva wenye siri.

Asiyejua kama ataweza kuendesha huenda katika kituo cha upimaji, ambavyo viko sehemu mbalimbali za nchi. Humo huketishwa kwanza katika chombo kilicho mfano wa gari, kisichokwenda popote, chenye usukani na pedali. Hupimwa nguvu za mkono na mguu, na muda anaotumia kutoka anapoona alama ya hatari hadi anapobonyeza breki. Kisha hutolewa barabarani katika gari lenye vyombo vya kujaribia, akiwa na mwalimu pembeni mwenye breki yake. Mwisho wake huandikiwa ushauri: wenzo wa aina hii, kiti cha aina hii, au pengine kwamba asiendeshe kwa sasa. Naam, wako wanaoambiwa hivyo, lakini huambiwa baada ya kupimwa.

Kwenye mtihani wenyewe, mwombaji hueleza ulemavu wake anapojiandikisha, naye huongezewa muda ili aeleze vyombo vya gari lake na apate nafasi ya kupanda na kushuka. Kipimo chenyewe hakilegezwi. Kwanza husoma kibao cha namba za gari kilicho umbali wa mita 20. Makosa madogo yasizidi 15, na kosa moja tu la hatari huangusha mtu, awe na miguu miwili au asiwe nayo. Nalisisitiza hili kwa sababu wako wananchi wanaodhani kuwa kumpa mlemavu leseni ni kumwonea huruma. Huruma haina kazi hapo. Lori halimhurumii mtu njia panda.

Akifaulu, hupewa leseni ya daraja lile lile la magari madogo wanalopewa wengine, ila nyuma ya kadi huandikwa tarakimu. Kila tarakimu ina maana. Namba 78 ni gari la otomatiki tu. Namba 20 ni breki iliyobadilishwa, 25 ni chombo cha mafuta kilichobadilishwa, 40 ni usukani, 42 ni vioo vya kutazamia nyuma, 43 ni kiti. Hata mwenye kuvaa miwani ana tarakimu yake, namba 01. Nimependezwa sana na hiyo 01. Ofisa mwenye miwani na askari mwenye wenzo wa mkono wamo katika orodha moja, kila mmoja na kifaa chake, na hakuna aliyeitwa si mzima.

GARI LISILOCHUKUA ABIRIA

Isidhaniwe kuwa wenzetu hao walizaliwa na hekima hiyo. Walipita katika njia ndefu, na sehemu moja ya njia hiyo inawahusu sana wenye familia.

Katika miaka ya 1940 fundi mmoja aitwaye Bert Greeves alimtengenezea jamaa yake aliyepooza pikipiki yenye vyombo vya mkono. Kazi hiyo ilizaa kiwanda kizima cha vigari vya magurudumu matatu, vyenye kiti kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ilivigawa kwa askari walioumia vitani, na kuanzia mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ilivigawa pia kwa raia. Vile vya mwisho vilikuwa na bodi ya plastiki ngumu yenye rangi ya samawati hafifu na injini ya sisi karibu 500. Kwa watu ambao walikuwa wamekaa ndani miaka mingi, kigari hicho kilikuwa kama kufunguliwa kifungo.

Lakini kilikuwa na kiti kimoja, na kuchukua abiria kulikatazwa. Fikiri maana yake. Baba alikwenda harusini katika kigari chake, na mkewe na watoto wakafuata kwa basi. Mama mlemavu hakuweza kumpeleka mtoto shule. Mke aliyekuwa mzima lakini ana mume asiyeweza kuendesha kabisa hakupata chochote, maana msaada ulifungamana na uwezo wa mlemavu mwenyewe kushika usukani. Tena kigari chenyewe kilikuwa chepesi, kikiyumbishwa na upepo mkali, na waliokitumia walilalamika sana kuwa si salama.

Mwaka 1974 ripoti iliyoandikwa na Bibi Evelyn Sharp ilishauri vigari hivyo viachwe. Kuanzia mwaka 1976 ilianza kutolewa posho ya usafiri, ambayo mlemavu aliilipwa awe anaendesha mwenyewe au anaendeshwa na mwingine. Mwaka 1977 likaundwa shirika la Motability, ambalo mtu hulikabidhi posho yake naye hukodishiwa gari la kawaida, lililofungwa vyombo anavyovihitaji. Leo wanaotumia mpango huo wamezidi watu laki sita. Utengenezaji wa vigari vya magurudumu matatu ulikoma mwaka huo huo wa 1977, na tarehe 31 Machi 2003 vilivyobaki vilipigwa marufuku barabarani.

Mimi naona somo lake ni la wazi kwa yeyote anayepanga huduma za walemavu, iwe wizarani au kambini. Mlemavu hakuwa akiomba chombo cha pekee cha kumtenga na watu. Alikuwa akiomba gari kama la watu, lenye nafasi ya mke, watoto na gunia la mkaa.

WALIOUMIA WAKILITUMIKIA TAIFA

Marekani nayo ilianza na askari wake. Tarehe 8 Agosti 1946 ilipitishwa sheria ya kumpa kila askari aliyepoteza mguu, au matumizi ya mguu, katika Vita Kuu ya Pili kiasi kisichozidi dola 1,600 za kununulia gari. Fedha hizo zilikuwa na sharti: kwanza ithibitike kuwa askari huyo ataweza kuliendesha gari kwa usalama wake na wa wengine, na kwamba jimbo lake litampa leseni. Sharti hilo ni la busara, maana lililazimisha ofisi ya fedha na ofisi ya leseni kutazamana. Kama leseni isingewezekana kupatikana kwa mtu wa mguu mmoja, sheria nzima ingekuwa karatasi tupu.

Huko Uingereza pia, askari aliyeumia kazini na kulipwa nyongeza ya usafiri ya pensheni ya vita, au malipo ya kujitegemea yaliyoanzishwa kwa majeshi mwaka 2013, anaweza kuingia katika mpango ule wa Motability. Kwa maneno mengine, jeraha, posho, gari na leseni vimefungwa katika kamba moja. Kwetu kila kimoja kiko katika jengo lake, na mwenye magongo ndiye anayetakiwa kutembea baina ya majengo hayo. Askari aliyetibiwa Mubende akafundishwa kutembea kwa mguu wa bandia amefika nusu ya njia tu, ikiwa ufundi wake ulikuwa udereva.

MASIKIO, MACHO NA KIFAFA

Si kila ulemavu ni wa mguu. Kiziwi, kwa mfano, hudhaniwa na wengi kuwa hawezi kabisa kuendesha, kwani hatasikia honi. Tujiulize: mwenye kusikia aliyefunga madirisha na kufungulia muziki, yeye husikia nini? Udereva ni kazi ya macho zaidi ya yote. Uingereza mwenye leseni ya gari dogo au pikipiki halazimiki hata kuiarifu idara kuwa ni kiziwi. Ni wa lori na basi tu ndiye anayelazimika. Maswali ya sheria za barabara huonyeshwa kwa lugha ya alama katika mtihani. Japani iliwakataza viziwi kabisa mpaka mwaka 2008, ilipowaruhusu kwa sharti la kufunga kioo kipana cha kutazamia nyuma na kubandika alama maalumu katika gari.

Mwenye jicho moja vile vile anaruhusiwa huko kuendesha gari dogo, ikiwa jicho lililobaki linafikia kiwango na amekwisha kulizoea. Anayeona vitu viwili viwili hana ruhusa mpaka hali hiyo itibiwe.

Kwa kifafa sheria imekaza, na inastahili kukaza. Mwenye ugonjwa huo lazima kwa kawaida akae mwaka mzima bila ya kuanguka ndipo arudishiwe leseni ya gari dogo. Kwa lori na basi hutakiwa miaka 10 bila ya kuanguka na bila ya kutumia dawa za kifafa. Yaani dereva wa basi anayemeza vidonge kila siku, ingawa hajaanguka hata mara moja, hatapewa. Wako watakaoona ni ukatili. Mimi naona ni mfano mzuri wa sheria inayotaja hatari yenyewe, ikaipima kwa miaka na kwa ukubwa wa chombo, badala ya kusema tu kwamba mtu fulani ni mgonjwa.

KATIKA NCHI ZETU

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Ibara yake ya 20 inazitaka nchi zichukue hatua ili walemavu waweze kwenda huku na huko kwa kujitegemea kadiri iwezekanavyo. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo neno la msingi tumekwisha kulitamka.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele hatua moja kwa kutenga daraja F katika leseni zao kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ni jambo la kheri, kwani daraja likiandikwa kwenye kanuni, karani hana tena nafasi ya kusema kuwa kitu hicho hakipo. Lakini napenda zaidi njia ya tarakimu. Herufi F humwambia polisi kuwa dereva ni mlemavu; tarakimu humwambia kuwa gari hili lazima liwe na wenzo wa breki. La pili ndilo analoweza kulikagua pale barabarani.

Kuhusu gharama, wengi hawajui kuwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa magari yaliyotengenezwa au kubadilishwa maalumu kwa matumizi ya walemavu. Msamaha huo una masharti yake na karatasi zake, na ni lazima uombwe kabla gari halijatolewa bandarini. Ukikwisha kulipa ndipo ukaanza kuuliza, utasumbuka.

Yako mambo mawili ya kuwaambia wenye kazi. La kwanza ni kwa askari wa barabarani. Ukimsimamisha dereva ukamwamuru ashuke naye hashuki, usifanye haraka kudhani ni kiburi. Huenda kiti chake cha magurudumu kiko nyuma, au huenda hakukusikia. Tazama mikono yake, tazama kama pana wenzo karibu na usukani, nenda dirishani ili aone midomo yako. La pili ni kwa mafundi. Nimepata kuona breki ya mkono iliyotengenezwa kwa bomba la maji na waya wa kufungia uzio. Fundi alikuwa stadi, nia yake ilikuwa njema, na gari lilikuwa likisimama. Lakini waya ule ulikuwa ukisubiri siku yake. Chombo cha breki kitengenezwe kwa chuma cha kazi hiyo, kifungwe kwa bolti na nati za kujikaza, kikaguliwe kila gari linapofanyiwa huduma, na mkaguzi wa magari akione kabla dereva hajakizoea.

Katika nyumba ambamo gari moja huendeshwa na watu wawili, mmoja kwa mguu wa kushoto na mwingine kwa wa kulia, yule asiye mlemavu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Mguu wake wa kushoto umezoea kukuta klachi mahali pale, na ataikanyaga pedali ya mafuta akidhani ni klachi. Kila anaposhuka dereva mmoja na kupanda mwingine, pedali ile ikunjwe kabla ufunguo haujazungushwa. Na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kuwa gari limebadilishwa, na nakala ya barua hiyo ibaki nyumbani.